Darasa la mbalamwezi: shajara ya mradi wetu wa Kirumba, Januari hadi Julai 2025

Jumamosi 25 Januari

Jana nimelipia ukumbi kwa hiyo leo naanza kuandika, maana nikisubiri mpaka mradi uishe nitakumbuka mazuri tu. Kwa asiyenifahamu, miaka tisa nilikuwa na kampuni ndogo hapa Mwanza, tulikuwa tunatengeneza mfumo wa mauzo kwa maduka ya jumla na maduka ya dawa, ule unaounganishwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na kukuonyesha stoku iliyobaki na faida ya siku. Tulianza wawili tukafika kumi na moja. 2023 nikamuuzia mwenzangu hisa zangu nikaenda kufundisha ujasiriamali chuoni, mkataba wa muhula kwa muhula, na kilichonisumbua kule ni kwamba kila mwaka wanaingia walewale, kijana wa kiume, kamaliza fomu siksi, ana laptop, na nyumbani kuna mtu wa kumlipia. Mimi nimekulia Kirumba. Mama yangu ameuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki kando ya ziwa, mpaka magoti yakakataa. Yaani najua kabisa kwamba watu wanaofanya biashara ngumu kuliko zote mji huu hawajawahi kukalia kiti cha darasa la biashara, na kutaka wanataka.

Mradi wenyewe ni miezi sita, watu 24. Akina mama wa dagaa tisa, viziwi sita (mafundi cherehani wanne, msusi mmoja na kijana wa viatu), wasioona watatu, wawili wana ulemavu wa miguu, na mama lishe wanne wa kule Kigongo kwenye pantoni. Hela ni sehemu ya zile za hisa zangu na michango ya rafiki zangu wawili, jumla milioni 14 na laki 6. Sitaki kumfundisha mtu kujiamini. Mama anayeamka saa nane usiku kwenda kugombea dagaa kwenye mtumbwi ameshajiamini kitambo. Nataka tushike vitu vitatu basi: bei, hesabu ya faida, na mtaji usiomla mtu.

Jumapili 2 Februari

Darasa la kwanza lilikuwa jana, wamekuja 13. Akina mama wa dagaa wawili tu kati ya tisa. Jioni nikampigia mkubwa wao, yule tunamwita Mama Mkubwa wote pale, nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu taratibu kabisa, "Mwanangu, giza limeingia, dagaa wanatoka, sasa sisi tukae kwenye viti?"

Nilinyamaza. Hiki kitu nakijua tangu nina miaka mitano. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa hivi taa za sola, na mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linakuwa na mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika siku kama kumi. Kwa hiyo mwaloni mwezi una wiki za giza za kukimbizana na wiki ya mbalamwezi ya kufua nguo, kwenda msibani na kulala. Na mimi mtoto wa mwaloni nimekaa kwenye kompyuta nikapanga ratiba ya kila Jumamosi kwa sababu ndivyo kalenda ilivyokuja.

Nimefuta ratiba yote. Darasa sasa linafuata mwezi: 12 Februari, 14 Machi, 13 Aprili, 12 Mei, 11 Juni, 10 Julai, siku mbili mbili kila mbalamwezi, na katikati nawafuata mmoja mmoja kwenye biashara zao. Wengine wote wamekubali, fundi cherehani kwake siku yoyote ni sawa mradi ajue mapema.

Alhamisi 13 Februari

Wamekuja 22! Ila tumehama ukumbi. Ule nilioulipia uko ghorofa ya kwanza na kaka yetu mmoja anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kukanyaga kwa mikono, siku ile ya kwanza vijana walimbeba mpaka juu na alitabasamu tu, ila kwenye chai akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kubebwa mbele za watu usiowajua unasikia kama umerudishwa utotoni. Tumepata banda la kanisa chini, sakafu ya saruji, choo kipana. Hela ya ukumbi wa kwanza hairudi, laki mbili na nusu.

Leo ndo nimeona kwa nini akina mama wanaogopa mikopo. Nilichora duara kubwa ubaoni, nikawaomba wachore mwezi wao, hela inaingia lini na inatoka lini. Wakapaka chaki sehemu ya giza yote na mbalamwezi wakaiacha tupu. Afu nikawaambia wachore marejesho ya ile mikopo wanayochukua mtaani, kausha damu. Kila wiki! Jumatatu nne kwa mwezi na Jumatatu moja au mbili zinaangukia pale patupu. Dada mmoja akasimama akasema ndo maana mimi kila mwezi nauza kitu cha ndani siku ileile. Meza, jiko la gesi, mwezi uliopita redio ya mume wake.

Hakuna aliyemwambia mwenye kampuni ya mikopo kwamba dagaa wana mwezi. Mkopo umetengenezwa kwa mtu mwenye duka la mangi, anauza kila siku, na mama wa dagaa akishindwa anaitwa si mwaminifu.

Kikundi chao kina VICOBA tayari, ule mfuko wa wanakikundi wa kuweka na kukopeshana, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Wamekubaliana kuanzia mwezi ujao marejesho ndani ya VICOBA yatakuwa wiki za giza peke yake, kiasi kikubwa kidogo, mbalamwezi hakuna. Walipitisha wenyewe kwa kunyoosha mikono, mimi nilikuwa nafuta ubao.

Jumatatu 24 Februari

Nimeshinda kwa dada fundi cherehani, Mabatini. Ni kiziwi tangu ana miaka minne, homa ya uti wa mgongo. Anashona vizuri mno, nimeona gauni la kitenge alilokuwa anamalizia, maua ya mgongoni yamekutana kwenye zipu kana kwamba kitambaa hakikukatwa.

Sasa niliyoyaona ndo haya. Mteja anaingia, anaonyesha gauni, anaandika kwenye kiganja chake kwa kidole, 10. Dada anaonyesha vidole, 25. Mteja anacheka, anatingisha kichwa, anaandika tena 10, anaongea maneno mengi akimtazama jirani badala ya fundi. Jirani anacheka. Dada anaangalia mdomo mmoja, anaangalia mwingine, afu anainamisha kichwa kukubali. Elfu kumi. Uzi, zipu na bitana vinakula kama elfu sita. Siku moja na nusu ya kazi kwa elfu nne, na kipaji kama kile.

Kumbe tatizo lake kubwa ni mabishano ya bei. Biashara yetu huku inafanyika kwa mdomo, mwenye mdomo mzuri anapata bei, na mafunzo yote ya ujasiriamali niliyowahi kufundisha yana sura ya mawasiliano na mteja inayodhani mtu anasikia.

Tukakaa na mkalimani tukatengeneza ubao wa bei. Picha za kazi zake mwenyewe, gauni, sketi, sare ya shule, kupunguza suruali, kila picha na bei yake chini kwa namba kubwa, pembeni kibao cha chaki mteja aandike anachotaka, na lipa namba chini kabisa. Mimi niliandika juu MIMI NI KIZIWI, BEI NI HIZI. Akaisoma, akachukua kitambaa akafuta, akamwonyesha mkalimani kwa mikono, na mkalimani akasema anataka mstari wa kwanza uandikwe MIMI NI FUNDI. Kiziwi iwe mstari wa pili. Tumeandika hivyo.

Jumapili 16 Machi

Darasa la mbalamwezi ya pili tumemaliza jana. Wengine wamefunga, Ramadhani, wengine Kwaresma, kwa hiyo chai hatukuweka, hela ya chai tumeihamishia kwa mkalimani.

Nilitaka tuongelee akiba nikawakumbusha noti za zamani, maana Benki Kuu imetangaza noti zile za toleo la 1985 mpaka 2003 pamoja na ile noti ya mia tano ya 2010 zinabadilishwa mpaka tarehe 5 Aprili, baada ya hapo si hela tena. Tangazo limetoka redioni na magazetini. Mwenzetu asiyeona amelisikia vizuri. Viziwi sita hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Na mama mmoja wa dagaa, mtu mzima, hakusema kitu, akaondoka, akarudi baada ya saa nzima na kibubu cha mbao kwenye kanga. Tukakivunja kwa nyundo ya fundi viatu.

Zilikuwa noti za mia tano, zimekunjwa nne nne na kufungwa kwa uzi wa nyavu, zinanuka dagaa. Tulihesabu wote, ikawa kimya, 212. Laki moja na elfu sita. Alikuwa anaweka tangu mjukuu wake anazaliwa, huyo mjukuu sasa yuko darasa la nne. Jumatatu nampeleka benki mwenyewe.

Na pia nimewatumia viziwi video ya tangazo kwa lugha ya alama, na hapa kuna kitu cha kiufundi nataka kukiandika kwa atakayefanya kazi kama hii. Video za alama ukizibana ziwe ndogo ili zisile bando vidole vinapotea, ishara mbili tofauti zinaonekana moja. Tulichogundua: ukuta mtupu nyuma, mkalimani avae shati la rangi moja nyeusi au bluu iliyokolea, mwanga utoke mbele, na video isizidi sekunde 40. Hapo hata ukiibana inasomeka. Simu ya video ndiyo inayomaliza bando, dada fundi anatumia kwenye bando hela nyingi kuliko anazotumia kwenye uzi, na kwake hiyo simu ya video ndo simu ya kawaida, hana nyingine.

Jumanne 8 Aprili

Mama noti zake zilibadilishwa zote, amefungua laini ya pesa kwa jina lake, namba ya siri anaijua peke yake. Wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, mama.

Wiki hii niko na kaka asiyeona anayetaka kuwa wakala wa pesa za simu. Ana vigezo vyote, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, TIN ya mlipakodi, mtaji wa kuanzia, na eneo zuri karibu na stendi ya daladala. Noti anazitambua kwa urefu, anapima kwa vidole viwili, na kila aina anaikunja kivyake mfukoni. Nilimjaribu kwa noti kumi na tano zilizochanganywa, hakukosa.

Tatizo ni simu. Anatumia TalkBack, ile ya Android inayosoma kioo kwa sauti, earphone sikio moja ili namba ya siri isisikike. Akipiga menyu ya nyota na reli, sauti inaanza kusoma, moja kutuma pesa, mbili kutoa pesa, tatu nini, akifika ya sita menyu imejifunga. Muda umeisha. Anaanza upya. Nilimpimia kwa saa, mara nne kati ya saba ilimfungia kabla hajamaliza muamala. Mwenye macho anachagua kwa kutupa jicho mara moja, yeye lazima asubiri sauti ipite mistari yote, na aliyeweka ule muda alipima kwa jicho.

Tukajaribu aplikesheni ya mtandao mmoja, sitautaja. Sauti ikawa inasema kitufe, kitufe, kitufe. Hakuna jina. Maana yake mtengenezaji aliweka picha ya kitufe na hakuandika kwenye programu kitufe kinaitwaje. Ni mstari mmoja wa maandishi kwa kila kitufe.

Usiku nikafungua mfumo wetu wenyewe, ule niliouza, nikawasha NVDA, nikazima kioo kabisa. NVDA ni programu ya bure ya kusoma kioo kwenye Windows, imeanzishwa 2006 Australia na Michael Curran akaungana naye James Teh, wote wawili hawaoni, kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa bei ghali sana na wao waliona haiwezekani mtu alipe zaidi ya mwenzake ili tu atumie kompyuta ileile. Sauti yake ya Kiswahili iko kama ya roboti ila ukizoea unaelewa. Nikajaribu kuuza pakiti moja ya dawa ya maumivu kwenye mfumo nilioujenga kwa mikono yangu. Kitufe, kitufe, kitufe. Dakika sita na sikufika kwenye risiti. Miaka tisa nimeuza kitu hiki, maduka zaidi ya mia, na kwenye kila duka nimefunga mlango kwa mtu asiyeona ambaye angeweza kukaa kaunta. Nimeumia sana usiku huo.

Kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sisi tulikuwa 11, haikutugusa, na hatukuwahi kumwajiri hata mmoja.

Jumatatu 14 Aprili

Nimeenda kwa mwenzangu wa zamani ofisini kwake na kaka yule tumeongozana. Sikuhubiri. Nilimwomba tu akae pembeni asikilize kaka anatumia mfumo. Baada ya kama dakika nne akasema basi, ngoja nimwite dogo wa programu. Tumekubaliana vitufe vyote vipewe majina, na kaka analipwa kwa siku kuja kupima. Analipwa kama mpimaji, kiwango kilekile wanachomlipa kijana mwingine yeyote.

Jumatano 14 Mei

Mvua. Kwa kweli mwezi huu wote ni mvua. Dagaa wa mchangani wakipigwa na mvua ndo basi, wanaenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kikundi cha akina mama walichukua mkopo ndani ya VICOBA mwezi uliopita wakajenga chanja mbili, nguzo za mti na nyavu kuukuu juu, mvua ikinyesha wanafunika turubai na chini maji yanapita. Kwa mahesabu ya daftari lao dagaa wa chanja wameuza elfu sita mpaka elfu tisa zaidi kwa ndoo, hawana mchanga, na wanunuzi wanaopeleka Congo wanauliza chanja kwanza. Daftari wanaandika kwa michoro, samaki mdogo ni ndoo, duara ni elfu kumi, nusu duara elfu tano. Watatu hawasomi na hawajawahi kukosea jumla.

Jambo la pili ni mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba, iko kisheria tangu 2018, ilisimama 2023 ikarudi 2024. Mafundi wetu viziwi wameandika katiba ya kikundi, wana andiko la mradi wa sare za shule, wana akaunti. Ofisi moja waliyopita, jina silitaji, mhusika alimuuliza mkalimani maswali yote na mwisho akasema waje na mtu anayesikia awe mwenyekiti ili iwe rahisi kuwasiliana. Mkopo wa watu wenye ulemavu, kikundi cha viziwi, halafu mwenyekiti asiwe kiziwi! Katibu wao akaomba kalamu, akaandika kwenye karatasi, MWENYEKITI NI HUYU, ongea naye, mkalimani atasikia. Akaisogeza mezani na akabaki amesimama mpaka yule bwana akamgeukia mwenyekiti. Fomu imepokelewa. Tunasubiri.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata niseme ukweli ametusaidia mno, amekuja mpaka darasani, na ameomba afundishwe salamu na namba kwa alama. Anajua mpaka mia sasa.

Ijumaa 13 Juni

Darasa fupi. Wawili wameacha, mmoja kahamia Geita kwa mumewe, mwingine hapokei simu. Ubao wa bei wa dada fundi: tangu Machi gauni 31, 24 kati ya hizo kwa bei ya ubaoni bila kupunguza hata mia. Msusi na yeye ametengeneza wake, picha za mitindo. Muuza nyanya wa jirani anasikia vizuri kabisa na ameomba tumtengenezee kwa sababu amechoka kubishana.

Mama lishe wa pantoni leo ndo walikuwa na kikao chao. Daraja la Kigongo–Busisi linafunguliwa wiki ijayo, kilomita 3 juu ya ziwa. Wote tunalifurahia, tumepoteza wagonjwa kwenye foleni ya kile kivuko. Ila foleni ileile ndo ilikuwa soko lao, mtu akisubiri saa mbili atakula.

Tangu Machi niliwapa kazi moja ya kuhesabu, kila sahani wajue imeliwa na nani. Mmoja alihesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa banda, mistari ya abiria, mistari ya wenye magari, mistari ya bodaboda, mistari ya mafundi wa daraja. Amekuja na picha ya ukuta kwenye simu. Abiria wa basi ambao yeye alidhani ndo wengi ni wachache, hawashuki wanaogopa kuachwa, wananunua karanga dirishani. Nusu ya sahani ni bodaboda na mafundi. Mafundi wanaondoka. Bodaboda wanahamia ambako basi linasimama. Kwa hiyo swali likawa dogo, basi litasimama wapi.

Jumamosi 21 Juni

Juzi tarehe 19 Rais Samia amelifungua daraja. Leo nimepanda daladala mpaka Kigongo.

Nimelivuka kwa dakika chache tu, niliangalia maji nikamkumbuka baba, alikuwa anavuka kwenda Sengerema anaondoka alfajiri akiogopa pantoni. Halafu nikarudi nikashuka kwenye mabanda. Kimya. Barabara ya kushuka kwenye gati ina mbuzi wamelala. Mama mmoja alikuwa ameketi mbele ya masufuria matatu yamefunikwa, wali, maharage, sato wa kukaanga, saa saba mchana na ameuza sahani mbili. Huyo hakuwa kwenye mradi wetu. Aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia hapana mama, nikala sahani ya tatu, na nikakaa naye mpaka saa tisa.

Kati ya wanne wetu watatu wameshahama. Yule wa ukuta wa mkaa amechukua kibanda Misungwi karibu na mabasi yanaposimama, kodi elfu thelathini kwa mwezi, na bodaboda sita wamemfuata. Mmoja amehamia upande wa Busisi kwa dada yake. Wa tatu amebadilisha kabisa, anakaanga karanga na kupaki anapelekea maduka. Wa nne anasema atakaa mpaka mwezi uishe aone, na sijamlazimisha, banda ni lake na ameishi pale miaka kumi na saba.

Ila nimerudi nikimuwaza yule mama wa masufuria. Tulichagua wanne kwa sababu hela ilitosha wanne. Kwenye yale mabanda nimehesabu 40 na zaidi. Kazi ya kuhesabu sahani kwa mkaa haina gharama hata shilingi, ningeweza kuifundisha kwa wote siku moja tu ya Machi chini ya mwembe pale pale, na sikufanya kwa sababu hawakuwa kwenye orodha yangu. Nimemwomba yule wa Misungwi, na amekubali, Jumapili hii anarudi kuwaonyesha wenzake, na nauli yake tunalipa.

Jumapili 13 Julai

Hali ilivyo leo. Hela iliyobaki ni laki 9 na elfu 40. Watu 22. Mkopo wa mafundi viziwi bado haujatoka, wameitwa mara moja kurekebisha katiba, wamerekebisha. Mfumo wa mauzo umepewa majina kwenye vitufe vyote, 63, toleo jipya linaingia madukani mwezi huu na duka moja la dawa Igoma limesema liko tayari kumwajiri mtu asiyeona kaunta kwa majaribio, tunafuatilia. Kaka wakala laini yake ya uwakala imetoka, anafanya kazi kwa aplikesheni nyingine iliyoandikwa majina vizuri, ila ile menyu ya nyota na reli bado inamfungia na mtandao ukiwa chini ndo inayobaki peke yake. Nimeandika barua mbili kwa wahusika, sijajibiwa, naandika ya tatu na safari hii kaka anaiandika yeye kwa mkono wake na mimi nasaini chini yake.

Mama Mkubwa jana baada ya darasa alibaki kukunja mkeka. Akaniambia wale wa mwalo wa Igombe wamesikia, wanataka na wao, na kwamba yeye atakwenda kuwafundisha hesabu ya samaki mdogo na duara, mimi nije na chaki tu. Nikamuuliza lini. Akanitazama kama ananishangaa.

Mwezi mkubwa wa Agosti ni tarehe 9. Mkalimani amethibitisha, turubai tunaazima, chaki nimenunua boksi mbili.